Yoyote si Yote: Haki ya Langalanga Iamuliwe Kabla Injini Hazijawashwa

Madereva wa langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, Lewis Hamilton wa timu ya Mercedes na Max Verstappen wa Red Bull, walifika Abu Dhabi Desemba 2021 wakiwania ubingwa wa dunia, wakiwa na pointi 369.5 kila mmoja. Mbio 21 zilikuwa zimekwisha, imebaki moja, na hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa ncha ya sindano. Kilichotokea jioni ile kila mpenzi wa langalanga anakikumbuka. Lakini naomba tuanze na ile nusu pointi, kwa sababu nusu pointi haipatikani kwa kuendesha gari.

Ilipatikana Spa, Ubelgiji, tarehe 29 Agosti mwaka huohuo. Mvua ilikataa kukatika. Baada ya saa nyingi za kungoja, magari yalitolewa yazunguke taratibu nyuma ya gari la usalama, lile linalotangulia ili kupunguza kasi ya wote, hakuna ruhusa ya kumpita mwenzako, kisha ikapepea bendera nyekundu na mashindano yakafungwa. Kanuni ya wakati huo ilitoa nusu ya pointi zikishapita mizunguko zaidi ya miwili, na haikusema popote kwamba mizunguko hiyo lazima iwe ya kushindana. Verstappen akapewa pointi 12.5, Hamilton aliyekuwa wa tatu akapewa 7.5. Watu walioloa viwanjani tangu asubuhi walirudi nyumbani bila kuona gari moja likilipita jingine.

Kwa hiyo kabla hata ya Abu Dhabi, ubingwa wa mwaka ule ulikuwa umeshaguswa na kanuni ambayo aliyeiandika hakukaa akajiuliza: je, ikinyesha kutwa?

Sasa twende Yas Marina, uwanja wa Abu Dhabi, tarehe 12 Desemba. Mbio za mizunguko 58, Hamilton anaongoza kwa raha. Mzunguko wa 53 dereva Nicholas Latifi anagonga ukuta, gari la usalama linaingia. Verstappen anakimbilia piti, kituo cha kubadilishia tairi, anavaa tairi laini mpya. Hamilton anabaki na tairi ngumu zilizochoka, kwa sababu akiingia piti atapoteza nafasi ya kwanza. Katikati yao yapo magari matano yaliyozidiwa mzunguko mzima. Taarifa ya kwanza kutoka chumba cha udhibiti inasema magari hayo hayataruhusiwa kulipita gari la usalama na kuondoka katikati yao. Dakika chache baadaye taarifa inageuka: hayo matano yapite, hayo tu. Mengine matatu yaliyo nyuma ya Verstappen yabaki palepale, kiasi kwamba Carlos Sainz, aliyekuwa wa tatu, hakuwa na njia ya kumfikia Verstappen hata angetaka. Gari la usalama linaondoka mzunguko uleule, badala ya kungoja unaofuata. Unabaki mzunguko mmoja. Kona ya tano, Verstappen anapita. Bingwa wa dunia.

Nisieleweke vibaya. Verstappen hakuiba kitu. Alishinda mbio 10 msimu ule, na alipofunguliwa mlango alipita, kama ambavyo dereva yeyote mwenye akili angepita. Hoja yangu iko kwa aliyeufungua mlango, na kwa kitabu kilichompa ufunguo.

Kifungu cha 48.12 cha kanuni za mwaka ule kilizungumzia magari yaliyozidiwa mzunguko na wajibu wake wa kupita. Tukikisoma kwa Kiswahili, kilisema magari “yoyote” yaliyozidiwa. Mercedes walipowasilisha malalamiko usiku ule, Red Bull walijibu kwamba “yoyote” si “yote”. Ukiwapitisha matano kati ya manane, walisema, umepitisha magari yoyote. Silabi moja ndiyo iliyosimama kati ya Hamilton na taji la nane. Waamuzi nao wakaegemea kifungu cha 15.3, kilichompa mkurugenzi wa mbio mamlaka ya juu kabisa juu ya matumizi ya gari la usalama, wakatupa malalamiko. Machi 2022 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, likatoa ripoti yake: Michael Masi, mkurugenzi wa siku ile, alifanya kosa la kibinadamu, ila alitenda kwa nia njema, na matokeo yanabaki halali. Masi alikuwa ameshaondolewa kwenye nafasi yake mwezi mmoja kabla. Na kwenye kitabu kipya, neno “yoyote” likafutwa, likaandikwa “yote”.

Wengi walidhani jambo limekwisha hapo. Mtu ameondoka, neno limebadilishwa. Naona walitibu kidonda kilichoonekana na kuacha ugonjwa. Hatari ilikuwa kwamba binadamu mmoja, huku wakubwa wa timu mbili wakimpigia kelele kwenye redio na dunia nzima ikisikiliza, alikuwa na uwezo wa kuchagua mbio zimalizike vipi. Mweke mtu mwingine yeyote kwenye kiti kile, mwenye moyo wa chuma, na bado utakuwa umemwachia mzigo ambao hakupaswa kuubeba.

Msimamo wangu ni huu: mkurugenzi wa mbio awe na hiari yote ya kusimamisha mbio, na asiwe na hiari yoyote juu ya namna zitakavyoanza tena.

Hiari ya kusimamisha haigusiki, na anayeijua historia hawezi kubishana nayo. Mwaka 2014 kule Suzuka, Japani, gari la Jules Bianchi liliteleza kwenye mvua likaingia chini ya trekta lililokuwa likiondoa gari jingine. Alifariki Julai 2015 bila kupata fahamu. Mtu aliye kwenye chumba cha udhibiti akiona hatari lazima aweze kusema simama, papo hapo, bila kufungua kitabu. Lakini hatari ikishaondoka, kazi yake ya kuamua iwe imekwisha. Yanayofuata yawe yameshaandikwa: magari gani yanapita, baada ya mizunguko mingapi mbio zinaanza, na zikibaki chini ya kiasi fulani basi zinamalizika vipi. Kila dereva ayajue tangu mwezi wa kwanza.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu. Safari Rally ya mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden, wote ndani ya Datsun, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za adhabu. Maelfu ya kilomita za tope na vumbi, na hakuna tofauti. Hakuna aliyeingia chumbani kuamua nani anafaa kushinda. Palikuwa na kipimo: nani kati yao alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Alikuwa Mehta, akapewa ushindi, wa kwanza kati ya matano aliyokuja kuyapata. Unaweza kusema kipimo kile ni kikali. Huwezi kusema kilibuniwa kwa ajili ya mtu fulani.

Anayekwenda Naivasha siku za Safari, asiangalie tu magari yanavyoruka kwenye vumbi la Kedong au Sleeping Warrior. Asogee karibu na kituo cha kupimia muda, pale penye ubao wa njano wenye picha ya saa. Gari linafika na kusimama kabla ya ubao. Dereva anakunywa maji. Msoma ramani anashuka na kadi yake mkononi, macho kwenye saa, kimya. Dakika yake haijafika. Ikifika, ndipo gari linaingia na kadi inakabidhiwa. Ukichelewa, kila dakika ni sekunde 10 za adhabu. Ukiwahi, kila dakika unalipa dakika nzima, kwa sababu kuwahi ni kujaribu kuchagua mwenyewe mazingira ya kuanzia. Yule kijana mwenye kalamu pale mezani hana haja ya kujua anayemkabidhi kadi ni bingwa wa dunia au ni jirani yake kutoka Nakuru. Saa ndiyo inayosema.

Najua jibu litakalokuja. Kwenye rali kila mmoja anashindana na saa, magari hayakutani. Langalanga ni bega kwa bega, kona moja na magari mawili yanayoitaka. Hapo huwezi kumwachia saa. Ni kweli, na ndiyo maana sehemu hii ya mjadala ni ngumu kuliko watu wanavyoipa uzito.

Chukua Austin, Marekani, tarehe 20 Oktoba 2024. Lando Norris anamfukuza Verstappen kwa nafasi ya tatu, imebaki mizunguko michache. Kona ya 12, Norris anapita kwa nje, Verstappen anashikilia ndani, na magari yote mawili yanatoka nje ya njia. Norris anamalizia mbele, lakini anapewa adhabu ya sekunde 5 kwa kupita akiwa nje ya njia, na Verstappen anarudishiwa nafasi. Siku hiyohiyo, kona hiyohiyo, George Russell alikuwa ameadhibiwa sekunde 5 kwa kumsukuma Valtteri Bottas nje. Mtazamaji wa kawaida anaona kitu kimoja: aliye ndani amemtoa nje aliye nje. Mara moja kosa ni la aliye ndani, mara ya pili ni la aliye nje.

Waamuzi hawakukurupuka. Walifuata mwongozo wao, ambao kwa ufupi ulisema anayepita kwa nje hana haki ya kuachiwa nafasi mpaka awe ametangulia kufika kwenye kitovu cha kona, pale gari linapougusa ukingo wa ndani. Verstappen alitangulia kufika. Lakini mtu akijua kwamba haki ya kona inapimwa kwenye nukta hiyo moja, anachotakiwa kufanya ni kuchelewa kukanyaga breki, afike kwanza, hata kama kasi yake haitamruhusu kubaki barabarani baadaye. Dereva wa basi aliyezoea kuchomekea barabara ya Morogoro angeielewa mbinu hiyo bila kufundishwa. McLaren, timu ya Norris, waliomba uamuzi upitiwe upya, wakaambiwa hawajaleta jambo jipya. Wiki moja baadaye, Mexico, Verstappen akafanya yanayofanana mara mbili dhidi ya Norris yuleyule, akala sekunde 10 na tena sekunde 10.

Hapa nalazimika kuikaza hoja yangu mwenyewe. Kuandika sheria mapema hakutoshi ikiwa kilichoandikwa kinapima kitu kisicho sahihi. Mwongozo ule uliandikwa mapema, na madereva walishirikishwa. Kosa lake lilikuwa kupima kona kwa picha moja iliyogandishwa, wakati kona ni tendo lenye mwanzo, kati na mwisho. Kipimo kingekuwa: je, gari la ndani limeipita kona nzima likiwa ndani ya mistari? Kama lenyewe limetoka nje, basi halikuwa na haki ya kona hiyo, hata lingetangulia namna gani. Kipimo hicho kinaonekana kwa kamera na hakihitaji kusoma moyo wa dereva.

Tena kuna mahali ambapo hata kamera haihitajiki. Red Bull Ring, Austria, mwaka 2023: chumba cha udhibiti kilipokea taarifa zaidi ya 1,200 za magari yaliyodhaniwa kuvuka mstari mweupe. Hazikuweza kukaguliwa zote kwa wakati. Mbio zikaisha, vikombe vikatolewa, watu wakapiga picha, kisha timu ya Aston Martin ikalalamika kwamba kuna waliovuka na hawajaadhibiwa. Saa kadhaa baadaye madereva wanane wakapewa adhabu mpya. Sainz akatoka wa nne akawa wa sita. Hebu fikiria shabiki aliyezima runinga akalala na matokeo ambayo asubuhi hayapo.

Mwaka uliofuata wenye uwanja waliweka ukanda wa kokoto kwenye kona mbili za mwisho, umbali mfupi tu nje ya ukingo. Ukivuka, tairi zinaingia kwenye mawe, gari linayumba, kasi inapotea. Malalamiko yakapungua sana. Ukanda wa kokoto haumjui bingwa wala mgeni, hautoi onyo, hauwezi kupigiwa simu. Kila uwanja ambao bado una lami pana nje ya kona, ambapo dereva anaweza kutanuka bila hasara, unajitafutia kesi wenyewe. Ningependa FIA ikatae kupitisha kona ya namna hiyo, kama inavyokataa ukuta usio na kinga.

Upande wa adhabu zenyewe, tatizo ni bei. Adhabu inapokuwa na bei inayojulikana, timu yenye wapiga hesabu wazuri itauliza kama inalipa kuinunua. Jeddah, Saudi Arabia, Machi 2024, Kevin Magnussen wa timu ya Haas alikuwa ameshapewa sekunde 20 kwa makosa mawili, moja likiwa kumpita Yuki Tsunoda akiwa nje ya njia. Kwa kuwa mbio zake zilikuwa zimeshaharibika, akabaki pale mbele akizuia msururu, mpaka mwenzake Nico Hülkenberg akapata mwanya wa kubadili tairi na kurudi bila kupoteza nafasi. Hülkenberg alimaliza wa 10, timu ya Haas ikapata pointi. Hakuna kanuni iliyovunjwa katika kule kuzuia. Kilichokosekana ni amri rahisi: nafasi uliyoipata nje ya njia, irudishe, na irudishe sasa hivi. Tsunoda angekuwa mbele, na mpango wote usingekuwepo. Kurudisha nafasi kunamfidia aliyeonewa, ilhali sekunde zinazoongezwa mwishoni zinamtoza mkosaji tu, tena kwa mkopo.

Wapo wanaotaka adhabu ipimwe kwa madhara. Walisema hivyo baada ya mbio za Silverstone, Uingereza, 2021, Hamilton alipogusana na Verstappen, Verstappen akapelekwa hospitali, na Hamilton akatumikia sekunde 10 kisha akashinda mbio. Inauma kuitazama. Lakini hapo nasimama na waamuzi: kosa lipimwe kwa kitendo. Ukianza kupima kwa matokeo, dereva aliyefanya uzembe mkubwa akabahatika hakuna aliyeumia ataondoka huru, na aliyekosea kidogo akakutana na bahati mbaya atabeba lawama ya dunia.

Waamuzi wenyewe sasa. Kila mashindano huwa na jopo la watu watatu au wanne, akiwemo dereva wa zamani na mmoja kutoka chama cha nchi mwenyeji. Jopo hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine, na wengi wao hujitolea, wana kazi zao nyingine. Wanaamua mambo yenye thamani ya mamilioni ya dola kwa timu, na Jumatatu wanarudi ofisini kwao. Nawaheshimu kwa moyo huo. Ila mchezo wenye fedha kiasi kile hauna sababu ya kuendeshwa kwa hisani. Madereva wameomba mara kwa mara jopo la kudumu linalosafiri msimu mzima, na naona wako sahihi, si kwa sababu waamuzi wa kudumu hawatakosea. Watakosea. Lakini watakosea kwa namna moja, na dereva atajua mstari uko wapi. Anayeweka breki akiwa kwenye kilomita 300 kwa saa anahitaji kujua hilo kuliko anavyohitaji mwamuzi mwenye busara isiyotabirika.

Kuna hatua njema zimepigwa. Juni 2025 FIA ilitoa hadharani mwongozo wa uendeshaji na orodha ya adhabu ambavyo kabla ya hapo umma haukuvijua. Sasa hata mtu aliyeko Mbeya na simu yake anaweza kusoma kosa fulani linabeba nini na kumpima mwamuzi. Hilo ni kubwa. Kituo cha usaidizi kilichoanzishwa Geneva baada ya Abu Dhabi, ambako watu wengine hutazama mbio kwa utulivu mbali na kelele za uwanjani, nacho ni wazo zuri. Na zile sauti za wakubwa wa timu kumlilia mkurugenzi redioni zimezibwa.

Kinachobaki kunikera ni FIA kuwa nzito kuijaribu kanuni kabla ya kuitumia. Timu zina watu wanaolipwa kutafuta mianya, na wanaipata kila mwaka. Kwa nini FIA isiwape rasimu ya kanuni za michezo miezi kadhaa kabla ya msimu na kuwaambia wazi: tuonyesheni wapi itavunjika? Wapewe mifano: mvua kutwa, ajali ikiwa imebaki mizunguko mitano, bendera nyekundu mara mbili. Kila jibu lisilo wazi lirekebishwe kabla ya mbio za kwanza.

Baada ya aibu ya Spa, kanuni ya mbio zilizofupishwa iliandikwa upya, na pointi zikapangwa kwa ngazi kulingana na umbali uliokimbiwa. Oktoba 2022 mvua ikanyesha Suzuka. Zilikimbiwa mizunguko 28 kati ya 53, na kila mtu pale, timu, watangazaji na madereva, aliamini pointi zitakuwa pungufu na Verstappen atangoje mashindano yanayofuata kutwaa taji. Kumbe ngazi zile ziliandikwa kwa mbio zilizosimamishwa zisianze tena, na hizi zilikuwa zimeanza tena. Pointi zikatolewa kamili. Verstappen aliambiwa yeye ni bingwa wa dunia akiwa bado amelowa jasho na mvua, akauliza kama kweli, akajibiwa ndiyo, kisha akaanza kuwauliza watu wa timu yake, nao walikuwa bado wanapiga hesabu.